Kabla ya Kuchimba Bwawa, Yaulize Maji Yapitia Wapi

Ukisafiri kutoka Voi kwenda Taveta, ndugu msomaji, ukishaipita Mwatate, Bura na Maktau, utaona nchi imefunguka mbele yako. Milima ya Taita inabaki mgongoni. Mbele iko Kilimanjaro, ikiwa mawingu yameridhia kuiachia. Katikati ni uwanda wa udongo mwekundu, vichaka vya miiba na mibuyu, na kilomita chache kabla ya mji wa Taveta kuna kilima kimoja kilichosimama peke yake. Si kirefu. Mtoto wa shule mwenye pumzi zake anaweza kukipanda bila kupumzika. Hicho ndicho Salaita.

Wageni wengi wanaosimama hapo huvutwa na habari za vita. Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza yalikishambulia kilima hiki. Wengi wa wapiganaji hao walikuwa vijana kutoka Afrika Kusini, wageni kabisa wa nchi hii. Kilima kilikuwa kimeshikwa na Wajerumani pamoja na askari wao wa Kiafrika. Mizinga ya Waingereza ikatwanga kilele. Kumbe mahandaki ya Wajerumani hayakuwa kileleni! Yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, yamefichwa na vichaka. Ndege za upelelezi zilikuwa zimepita juu siku za nyuma, na bado washambuliaji hawakujua adui amelala wapi. Kabla ya jua kutua walikuwa wamerudi nyuma, na zaidi ya watu 130 wa Afrika Kusini pekee wameuawa, wamejeruhiwa au wametoweka.

Mwezi uliofuata Jenerali Smuts hakuja tena uso kwa uso. Alizunguka upande wa Ziwa Chala, na Wajerumani wakakihama kilima.

Huenda unajiuliza vita hivi vya kale vina uhusiano gani na ukurasa wa familia. Vinao, tena mkubwa. Salaita iliwashinda watu waliokuwa na bunduki nyingi, kwa sababu hawakuisoma ardhi waliyokuwa wakiikanyaga. Kosa hilo hilo hufanywa hadi leo na watu wasiobeba bunduki, ambao huja na tingatinga na hundi ya mradi, wakanyoosha kidole na kusema: "Bwawa lichimbwe hapa."

KIU NA MAFURIKO, NYUMBA MOJA

Wakati wa vita vile, Waingereza walilazimika kutandaza reli kutoka Voi na kuvuta maji kwa mabomba kutoka milima ya Taita, maana uwanda huu haukuwa na maji ya kuwatosha askari na wanyama wao. Zaidi ya miaka 100 imepita, na swali la maji bado liko pale pale.

Si kwamba maji hayako karibu. Mvua na theluji ya Kilimanjaro hupenya kwenye mawe ya volkeno na kutokeza upande wa Taveta kama chemchemi, na Mto Lumi huteremka hadi Ziwa Jipe. Ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi ziko chemchemi za Mzima, ambazo tangu miaka ya 1950 zimekuwa zikipeleka maji kwa bomba hadi Mombasa. Wewe msomaji wa Mombasa, huenda chai uliyokunywa asubuhi ya leo ilichemshwa kwa maji hayo. Lakini uwanda wa Salaita hauna mto wa mwaka mzima. Wanaoishi na kuchunga huko hutegemea kile kinachoanguka kutoka mbinguni: masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba.

Na mvua hiyo ni mgeni asiye na adabu. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana ikifeli katika sehemu nyingi kame za Kenya. Wizara inayohusika na wanyamapori ilihesabu tembo 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba 2022 katika maeneo yaliyokumbwa na ukame huo. Kisha mwisho wa mwaka wa 2023 zikaja mvua za El Nino, na masika ya 2024 yakawakuta watu bado wanaanika magodoro. Nchi ile ile iliyolilia tone la maji ikawa inazika watu waliochukuliwa na maji.

Mtu yeyote mwenye akili timamu atauliza: Kwa nini tusiyakamate maji haya yanapokuwa mengi, tuyatumie yanapokosekana? Jawabu fupi ni kwamba inawezekana. Jawabu refu ni kwamba yote hutegemea mahali. Bwawa likiwekwa pazuri ni baraka kwa vizazi viwili. Likiwekwa pabaya ni shimo la kuoteshea vumbi, au, Mungu apishie mbali, ni bomu la maji juu ya vichwa vya waliolala.

RAMANI HUONA NINI?

Wanafunzi mnaosoma Jiografia mnaikumbuka ile mistari ya kontua, iliyojipinda kwenye ramani kama alama za vidole. Wengi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau. Kumbe mistari hiyo ndiyo inayosimulia safari ya maji. Kila mstari huunganisha mahali penye kimo kimoja, na maji, ambayo hayajui siasa wala mipaka ya mashamba, huikata mistari hiyo kwa njia fupi kabisa kuelekea chini. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali na maji yatakimbia. Ikiachana, ni tambarare na maji yatasambaa. Ikijikunja kama herufi V ikielekeza ncha yake juu mlimani, hapo pana bonde, na ndani ya bonde pana njia ya maji hata kama leo umeliona kavu.

Ramani za Kenya za kipimo cha 1 kwa 50,000 zilianza kuchorwa na wapima ardhi wa Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa kutumia picha zilizopigwa na ndege. Katika ramani hizo sentimita 1 ni mita 500 za ardhi. Februari 2000, chombo cha anga kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima vimo vya ardhi kwa rada. Vipimo hivyo hupatikana bure, na ardhi imegawanywa katika miraba yenye upande wa mita 30 hivi. Kompyuta hupewa miraba hiyo na kuulizwa swali moja, tena na tena: tone likianguka hapa, litaelekea mraba upi? Baada ya kuulizwa mara milioni, kompyuta huchora mito yote, na vijito vyake, hata makorongo ambayo hupitisha maji siku tatu tu kwa mwaka.

Isitoshe, kompyuta hiyo inaweza kuonyesha eneo lote linalomimina maji yake mahali unapofikiria kujenga. Hiki ndicho kitu cha kwanza kukijua. Bwawa ni mfuko, na eneo linalokusanya maji ndilo mshahara. Haifai kushona mfuko kabla ya kujua mshahara.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Chukua kalamu, msomaji. Tuseme eneo linalomimina maji katika korongo fulani ni kilomita 2 za mraba, na mvua moja nzito imenyesha milimita 30. Yaliyoanguka ni mita za ujazo 60,000. Lakini mengi hunywewa na udongo na miti. Tukikadiria kwamba sehemu 1 kati ya 10 ndiyo inayotiririka, tunapata mita za ujazo 6,000, yaani lita milioni 6. Hiyo ni mitungi 300,000 ya lita 20. Kama familia moja inatumia mitungi 5 kwa siku, familia 60 zingetumia maji hayo kwa siku 1,000. Karibu miaka mitatu kutokana na mvua moja!

Usishangilie bado. Kuna mnywaji mwingine ambaye hakualikwa, naye ni jua. Katika nchi kavu na yenye upepo kama ile ya Voi na Taveta, jua linaweza kuondoa milimita 5 au 6 kwenye uso wa maji kila siku, karibu mita 2 kwa mwaka. Sasa yamwage maji yetu katika silanga pana lenye kina cha mita 1 na nusu. Uso wake utakuwa mita za mraba 4,000, na jua litalimaliza lote kwa muda wa miezi tisa, hata asipochota mtu hata kikombe. Maji yale yale yaweke katika bonde jembamba lenye kina cha mita 4. Uso sasa ni mita za mraba 1,500 tu. Baada ya mwaka mzima jua litakuwa limechukua nusu, na nusu itabaki ya watu.

Maji ni yale yale na jua ni lile lile, ila mahali pamebadilika. Ndiyo maana mchunguzi wa ramani hutafuta mahali ambapo bonde lina tumbo na koo: tumbo pana la kutosha kushika maji, kisha koo jembamba mbele yake, ambapo ukuta mfupi unatosha kuziba. Mwenye kujenga ukuta mrefu penye koo pana hulipia udongo mwingi ili apate maji machache.

Mnywaji wa pili ni tope. Karibu na Voi, ndani ya Tsavo Mashariki, Bwawa la Aruba lilijengwa kwenye Mto Voi mwaka wa 1952. Mto huo hutoka milima ya Taita, na kila mafuriko yalikuja na udongo wa miteremko. Kadiri miaka ilivyopita, tope lilichukua nafasi ya maji, na bwawa limewahi kukauka mara kadhaa. Kwa hiyo ramani ya bwawa haina budi kuonyesha pia nchi iliyo juu yake: wapi pamelimwa hadi ukingoni, wapi miti imekatwa, wapi mifugo imechimba njia. Picha za setilaiti huonyesha hayo, na mwaka hadi mwaka unaweza kuona kijani kikirudi nyuma. Kujenga bwawa bila kutunza mlima ulio juu yake ni kutwanga maji kwenye kinu.

MACHO YA KARATASI NA MACHO YA MIGUU

Hata hivyo, ramani nayo ina upofu wake. Katika karatasi za 1 kwa 50,000, kati ya mstari wa kontua na mwenzake mara nyingi kuna mita 20 za kimo. Ukuta wa bwawa la kijiji ni mita 4 au 5. Ukuta mzima unaweza kujificha kati ya mistari miwili, kama yale mahandaki ya Wajerumani. Vipimo vya kutoka angani navyo vinaweza kukosea kwa mita kadhaa, hasa penye miti. Kwa ufupi, ramani hukuambia mahali pa kwenda kutazama. Haikuambii mahali pa kuchimba.

Nilishuhudia jambo hili kwa macho yangu wakati wa kiangazi, nilipofuatana na mpima ardhi mmoja kijana upande wa mashariki wa kilima cha Salaita. Binti huyo alikuwa na ramani aliyoichapisha, iliyowekwa alama tatu nyekundu. Tulikuwa na mzee mmoja mfugaji, aliyevaa koti zito ingawa jua lilikuwa linachoma, fimbo mkononi. Tulipofika kwenye alama ya kwanza, mpima ardhi alifurahi. Bonde lilikuwa na tumbo na koo, sawasawa na ramani ilivyosema.

Mzee hakusema neno. Alitembea hadi kwenye mgunga mmoja, akainua fimbo na kugusa majani makavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi, juu kupita kichwa chake.

"Mwanangu," akamwambia binti, "wewe umepima mahali maji yanapolala. Mimi nakuonyesha mahali yanaposimama yakikasirika."

"Ilikuwa mwaka gani, mzee?"

"Mwaka wa El Nino ile ya kwanza. Na hii ya juzi yalifika hapa," akasema, akishusha fimbo kiasi cha shubiri mbili.

Binti akatoa kitabu chake na kuandika. Baadaye alinieleza kwamba takataka zilizonasa mitini ni kumbukumbu ambayo wahandisi huitafuta kote duniani, kwa sababu huonyesha kimo cha mafuriko pale ambapo hakuna aliyeweka kipimo. Kutokana na kimo hicho na upana wa korongo hukadiriwa kiasi cha maji yaliyopita, na kutokana na kiasi hicho hupangwa upana wa njia ya kupitishia maji ya ziada kando ya ukuta. Njia hiyo ikiwa nyembamba, maji hupanda juu ya ukuta wa udongo na kuula kama sukari.

Kwenye alama ya pili mzee alitikisa kichwa kabla hatujasimama. "Hapa hata mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi hukuti kidimbwi," akasema. Mpima ardhi hakubishana naye wala hakumwamini kwa neno tu. Alichimba shimo hadi magotini, akachukua udongo wa chini, akaulowesha na kuuviringisha kiganjani. Udongo wa mfinyanzi hukubali kuwa kamba ndefu. Huu ulikatika kila mara, umejaa changarawe. Bwawa hapo lingekuwa chujio. Alama ya pili ikapigwa mkasi.

Ya tatu ilikuwa na udongo mzuri na bonde la kuridhisha. Tatizo lake halikuwa la ardhi. Mzee alituonyesha kinyesi cha tembo, cha zamani na cha jana, na njia pana iliyokanyagwa hadi ikawa ngumu kama barabara. Mbuga ya Tsavo Magharibi iko jirani, na tembo wana ramani zao wenyewe vichwani. "Mkiweka maji hapa," alisema mzee, "mmewaalika kuja kulala kwangu."

Siku hiyo tulirudi bila kupata mahali pa bwawa. Binti hakusikitika hata kidogo. Alisema kwamba mashimo aliyoyachimba kwa jembe yalikuwa yameokoa gharama ya mashimo ambayo yangechimbwa kwa tingatinga. Wiki iliyofuata angerudi kwenye kompyuta na kuongeza mambo matatu katika ramani yake: vimo vya mafuriko kama alivyoonyeshwa, aina ya udongo, na njia za tembo. Nami nikaelewa kwamba ramani nzuri ni mazungumzo ambayo hayajaisha.

MFUKO MMOJA, KAZI MBILI

Hapa yafaa tuseme jambo ambalo aghalabu hufichwa wakati wa hotuba. Tunaambiwa kwamba bwawa litatupa maji na pia litatukinga na mafuriko. Kazi hizi mbili hazipatani kwa urahisi. Anayetaka maji ya kiangazi hutaka bwawa lijae. Anayetaka kuzuia mafuriko hutaka bwawa liwe tupu, ili mvua kubwa ikija ipate mahali pa kuingia. Bwawa lililojaa pomoni halizuii mafuriko. Linayapitisha tu, na likiwa limejengwa vibaya linayaongeza.

Dawa yake ni kuanzia juu. Badala ya bwawa moja kubwa bondeni, hujengwa vizuizi vidogo vingi juu kwenye vijito: matuta yanayofuata kontua mashambani, vizuizi vya mawe makorongoni, silanga za hapa na pale. Kila kimoja hupunguza kasi kidogo. Penye makorongo yenye mchanga mzito na mwamba karibu, kama sehemu nyingi za Machakos, Kitui na Makueni, watu wamejenga mabwawa ya mchanga. Ukuta huzibwa, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Lakini mbinu hiyo haihamishwi tu kama samani. Kijito kinacholeta tope laini badala ya mchanga kitakupa bwawa la tope. Hapa tena ni lazima ardhi iulizwe kwanza.

Wanaodhani haya ni mambo ya wataalamu peke yao wakumbuke Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, ukuta wa bwawa la shamba moja huko Solai, Kaunti ya Nakuru, ulipasuka wakati wa mvua kubwa. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa nyumbani mwao. Wakumbuke pia Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Hapo hapakuwa na bwawa lililopangwa na yeyote. Kulikuwa na tuta la reli ya zamani, na chini yake njia ya maji iliyoziba kwa takataka na magogo. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Tuta lolote linalokata bonde, liwe la reli, la barabara au la ua wa jirani tajiri, ni bwawa. Tofauti ni kwamba hakuna aliyelichagulia mahali.

Nawe unayeishi mjini usijitoe. Mvua zile zile za 2024 ziliingia Mathare na mitaa mingine ya Nairobi iliyo kando ya mito. Kiwanja kinachouzwa bei nafuu "karibu na mto" nacho kiko kwenye ramani, na ramani hiyo ina mistari ya kontua. Kabla ya kulipa rubuni, itazame. Muulize mama anayeuza mboga hapo kwa miaka 20 maji yalifika wapi. Fimbo ya yule mzee wa Salaita ina ndugu zake kila mtaa.

ULIZA HAYA BARAZANI

Kaunti zetu sasa hutangaza miradi ya mabwawa mara kwa mara, na sheria hutaka wananchi washirikishwe. Ukialikwa kwenye baraza, au ukiwa na wazazi kijijini wanaoalikwa, usiende kupiga makofi tu. Uliza ramani iko wapi, na ibandikwe mahali watu watakapoiona. Uliza eneo linalomimina maji kwenye bwawa hilo ni kilomita ngapi za mraba, na nani anaishi humo. Uliza bwawa litakuwa na kina gani, na jua litachukua kiasi gani. Uliza kama mashimo ya kupima udongo yamechimbwa, au wameona tu kwamba kiwanja kilikuwa cha mheshimiwa fulani au kinaonekana vizuri kutoka barabarani. Uliza maji ya ziada yatapitia wapi siku ya mvua kubwa, na nani amejenga chini yake. Uliza wanyama wa porini watakuja upande gani. Mwisho, uliza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ripoti ya mazingira. Mwenye kazi safi hataona maswali haya kuwa matusi.

Kwa wanafunzi nina kazi ndogo ya likizo. Tafuteni ramani ya kontua ya mahali mnapoishi au kijijini kwa babu na bibi. Ziko kwa wapima ardhi wa serikali, na vipimo vya kutoka angani viko bure kwenye intaneti. Chagueni kijito kimoja. Fuateni kwa penseli ukingo wa eneo lote linalomimina maji ndani yake, kisha mhesabu miraba. Mvua ijayo ikinyesha, wekeni mkebe ulionyooka uani, mpime milimita kwa rula, mfanye hesabu kama ile tuliyoifanya hapo juu. Baadaye muende na mtu mzima hadi kwenye kijito mkaangalie takataka mitini.

Na mkiwa na paa la mabati la mita za mraba 60, kila milimita 10 za mvua ni lita 600 zinazoanguka juu ya vichwa vyenu. Hata mkipoteza sehemu yake, ni zaidi ya mitungi 20. Hapo hamhitaji mhandisi wala baraza, mnahitaji mfereji wa paa na tangi lenye kifuniko. Masika yajayo hayatangoja tumalize kubishana.